Nyuso Nne za Mama Ndani ya Lori

Juma lililopita vijana wawili wa komite ya sherehe ya muziki walikuja nyumbani kwangu kuniuliza kama ni vizuri waweke ekra kubwa, kioo cha kuonyeshea picha, uwanjani, ili watu wa nyuma nao wawaone wanamuziki. Waliniuliza mimi kwa sababu mtaani inajulikana kwamba ni mimi njo niliweka ekra ya kwanza mu Kamina. Mwenyewe husema ya kwanza katika Zaire yote, na nikishashiba husema Afrika. Hakuna aliyewahi kuleta ushahidi wa kunipinga. Vijana walitaka jibu la ndiyo au hapana. Nilianza kuwajibu saa tisa, jua likazama sijafika kwenye ndiyo wala hapana, wakaaga kwa adabu. Basi naandika hapa yale ambayo hawakungoja kuyasikia.

Miaka ile ya Zaire, mchana nilibeba mizigo kwenye depo ya reli, jioni nilisoma shule ya usiku, sehemu ya umeme. Tulikuwa wanafunzi kumi na mmoja na taa moja, na taa yenyewe ilikuwa dhaifu hivi kwamba ilibidi tuwashe kiberiti ili tuione. Nilipopata diploma niliitia kwenye fremu kubwa kuliko dirisha letu. Tangu siku hiyo hakuna radio iliyoharibika mtaani bila mimi kutoa maoni, na hakuna iliyopona kwa sababu ya maoni yangu.

Mama yangu alikuwa kiongozi wa waimbaji katika kikundi cha wanawake wa mtaa wetu. Akianza wimbo Kamina, mbwa wa mji wa Luena, mbali kule kwenye reli, waliamka. Kila kiangazi Chama kilipanga sherehe kwenye uwanja wa mpira: vikundi vya mitaa, vikundi vya wake wa wanajeshi kutoka Base, kambi kubwa ya jeshi, kila kimoja na ngoma zake na vitambaa vya rangi moja. Mtu angedhani tulikwenda kusifu Chama. Tulikwenda kuona nani atapanguswa.

Hii ni lazima nieleze, maana vijana wa leo wanaifanya kwa haraka kama kufukuza nzi. Kwetu mwimbaji hapigiwi makofi tu. Akiimba mpaka jasho limtiririke, mtu wake anatoka kati ya watazamaji, anaingia kwenye duara na kitambaa safi, anampangusa uso, polepole, paji la uso kwanza, halafu mashavu, halafu shingo. Mwimbaji haachi kuimba. Yule anayepangusa hasemi neno, lakini uwanja mzima unamsikia akisema: huyu ni wangu. Mwimbaji asiyepanguswa na mtu anarudi nyumbani na chumvi imekauka usoni, na mtaa mzima unaiona.

Mama alikuwa amepanguswa na wengi: majirani, baba yangu niliyemwita papa, hata mimi. Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye mama alikuwa akimngoja tangu kabla mimi sijazaliwa. Ni dada yake mkubwa, mama mukubwa wa Kabongo.

Huyo njo alimlea mama baada ya bibi yetu kufa. Walilima pamoja, walikula chungu kimoja, walilala mkeka mmoja. Halafu mama akampenda papa, mwanajeshi wa Base, mtu wa Ekwatea, jimbo la mbali kaskazini, ambaye hakujua neno la Kiluba hata la kuomba maji. Siku mama alipoondoka Kabongo, papa alikuja kumchukua na lori la jeshi, kwa sababu njo usafiri aliokuwa nao. Mama mukubwa alisimama mlangoni, akamwangalia mdogo wake akipanda nyuma pamoja na magunia, akasema maneno mawili: "Hukuolewa. Ulipakiwa." Akafunga mlango. Haukufunguliwa tena.

Mwaka ninaousimulia, mama aliniita jikoni akaniambia niandike barua. Niliiandika nzuri sana, nikaweka Kifaransa kidogo juu na chini kama pilipili. Ndani yake kulikuwa na jambo moja tu: yaya, dada yangu mkubwa, njoo kwenye sherehe. Jibu lililetwa kwa mdomo na mwanamke aliyeshuka kwenye treni na kuku wawili: "Amesema atakuja kuangalia. Kuangalia tu."

Mama aliendelea kuchagua mawe kwenye mchele.

"Akinipangusa mbele ya bantu, watu wote wakiona," alisema, "mambo imekwisha. Asiponipangusa, sitakuandikisha barua ingine. Minyi nimechoka kubisha mulango."

Sasa, mimi nilimjua mama mukubwa kwa sifa moja tu, ambayo mama alikuwa akiitaja kila mara kwa kicheko na huzuni: alikuwa mfupi. Mfupi hivi kwamba kwenye shamba la mahindi walimtafuta kwa kumwita. Na mwaka uliotangulia, watu wa nyuma uwanjani waliona kofia tu. Nilipiga hesabu za mtu mwenye diploma. Mwanamke huyu atasafiri kutoka Kabongo kuja kuangalia, na hataona kitu. Asipoona, hataguswa. Asipoguswa, atarudi kwao na mlango wake. Kwa hiyo nilikwenda mbele ya komite nikatoa wazo la ekra.

Komite ilikuwa na watu wengi, lakini waliosema walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa mzee wa ngoma wa mtaa wetu, mikono yake migumu kama visigino. Wa pili alikuwa mwanajeshi wa Base mwenye cheo cha ajida, fundi wa radio za jeshi, aliyekuwa na kamera ya video ya kupigia picha ndoa za maofisa. Huyu aliweza kuunganisha kamera na televisheni kwa waya, picha ikatokea palepale.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza:

"Mwana, huyu mwanamuke anayeimba, atakuwa wapi?"

"Katikati ya uwanja, muzee."

"Na picha yake?"

"Kule nyuma, kwa bantu wa nyuma."

"Njo kusema bantu watamupa mugongo mwanamuke muzima, waangalie kivuli chake?"

"Muzee, wale wa nyuma hawamuoni hata sasa!"

"Hawamuoni, lakini wanasukumana. Anayesukuma anataka kufika mbele. Weye utamupa kiti nyuma, hatasukuma tena." Akafuta ngoma yake kwa kiganja. "Ngoma inapigwa ili bantu wakuye karibu. Haiko kazi ya ngoma kuwafuata kule wamekaa."

Watu walicheka, nami nikacheka, kwa sababu nilikuwa na diploma na yeye hakuwa nayo. Leo sicheki sana.

Shida ilikuwa ukubwa. Televisheni kubwa kuliko zote Kamina ilikuwa ya ajida, na ilitosha watu kumi wanaopendana. Hapo njo nikasimama na fundisho langu la shule ya usiku. Niliwaeleza hivi: betri moja ya radio ina nguvu kidogo. Ukipanga nne kwenye mstari, nguvu zinajumlishwa. Kwa hiyo tukipanga televisheni nne, mbili juu ya mbili, tutapata picha moja kubwa mara nne. Komite yote ilipiga makofi. Ajida alinitazama kama mtu anayeona ng'ombe akipanda ngazi.

"Profesere, televizyo haiko betri."

"Umeme ni umeme, ajida."

"Sawa," akasema. "Tutaona wote."

Tukakopa: moja kwa ajida, moja kwa mapadri, moja kwa mfanyabiashara wa nguo, moja kwenye klabu ya wafanyakazi wa reli. Kwa kuwa jua la kiangazi linaua picha, ajida alileta lori la jeshi lenye turubai, akaliegesha nyuma ya watu wote, mgongo wake ukielekea uwanjani. Ndani ya turubai kulikuwa giza zuri. Tukazipanga mle, mbili juu ya mbili, zikafungwa kwa kamba ya manila. Jenereta ikanguruma kando. Siku ile, nasema kweli, nilijisikia kama mtu aliyevumbua asubuhi.

Ajida alipowasha, picha haikuwa moja kubwa. Zilikuwa nne ndogo. Kila televisheni ilionyesha uwanja wote kivyake, ile ya mapadri ikiwa na rangi ya kijani kidogo.

"Ebu angalia," ajida akasema taratibu, "betri zimeanza kuimba."

Lakini watu wa nyuma hawakulalamika hata kidogo. Walifurahi! Mtu aliyekuja kuona mwimbaji mmoja alipewa wanne. Walianza kugeuka, kwanza kumi, halafu hamsini, halafu nusu ya uwanja, ukihesabu kama ninavyohesabu mimi.

Mimi nikaondoka kwenda stesheni kumpokea mama mukubwa. Treni ilichelewa, hatukupata nafasi ya kupita nyumbani. Alishuka na gunia lake, akanitazama toka viatu mpaka kichwa, safari ndefu kwake.

"Weye njo mutoto wa lori?"

"Njo minyi, mama mukubwa."

"Una pua ya mama yangu," akasema, kama mtu anayedai kitu kilichoibwa. "Twende."

Tulipofika, mama alikuwa tayari katikati ya duara, sauti yake imepanda. Mbele yetu kulikuwa ukuta wa migongo. Mama mukubwa alisimama, akaisikia ile sauti, na mkono wake ukaingia kifuani kwenye kitenge, ukatoka na kitambaa cheupe, kimekunjwa mara nne, kimepigwa pasi. Nilikiona. Alikuwa amekuja nacho kutoka Kabongo. Mtu anayekuja kuangalia tu hapigi pasi kitambaa.

Na hapa njo kosa langu. Nilipaswa kuinama, kuingiza kichwa kati ya wale watu, kusema samahani mama, samahani baba, pisha, mpaka nimfikishe. Watu wangepisha, akipita mtu na kitambaa, kwetu watu wanapisha. Badala yake nilimshika mkono kwa fahari nikamwambia:

"Mama mukubwa, usijisumbue kusukumana. Minyi nimekuwekea kitu. Kule utamuona vizuri kuliko komisere wa serikali mwenyewe kwenye kiti chake cha mbele."

Nikampeleka kwenye lori.

Aliangalia ndani. Mle gizani, nyuso nne za mdogo wake zilikuwa zikiimba, kubwa, kwa maana ajida alikuwa ameisogeza kamera kwenye miguu yake mpaka uso wa mama ukajaza kioo, kisha akarudi kulinda televisheni. Jasho lilionekana tone kwa tone. Mishipa ya shingo ilionekana. Na makunyanzi pembeni mwa macho, ambayo mama mukubwa hakuyajua, kwa sababu alimwacha msichana.

"Eh, Vidye," akasema, akimwita Mungu kwa Kiluba. Halafu: "Tena mumemupakia mu lori."

Watu waliokuwa karibu walicheka. Yeye hakucheka. Aliweka mguu kwenye chuma cha nyuma ya lori. Nilidhani anataka kukaa. Nikamsukuma juu, ajida akamvuta mkono. Akasimama mbele ya televisheni ya kwanza, akafungua kitambaa chake, akapangusa. Paji la uso kwanza, halafu mashavu, halafu shingo. Kioo kilitoa ule mlio mdogo wa umeme, tsss, akashtuka lakini hakuacha. Akaenda kwa ya pili. Za juu hakuzifikia. Ajida, mwanajeshi yule, alimgeuzia kreti tupu ya bia, mama mukubwa akapanda, akapangusa ya tatu, akapangusa na ya nne, ile ya kijani.

Watu wa nyuma walilia kwa shangwe. Walipiga vigelegele mpaka turubai likatikisika. Na kule katikati ya uwanja, mama yangu, aliyekuwa akiimba sehemu ya huzuni ya wimbo, alisikia watu wakishangilia, akatazama, akaona migongo.

Hakuna aliyemwambia. Kamera ilikuwa ikimtazama yeye. Hakuna kamera iliyomtazama dada yake. Mama aliumaliza wimbo. Jirani mmoja akaingia akampangusa, kwa kitambaa cha haraka. Mama akaushukuru mkono ule kwa kichwa, huku macho yake yakitafuta mtu mfupi kati ya watu warefu.

Jioni, uani kwetu, walionana. Mama alikuwa hajanawa uso.

"Umefika, yaya."

"Nimefika."

"Ulikuwa uwanjani?"

"Nilikuwa."

"Sikukuona."

"Minyi nilikuona," mama mukubwa akasema. "Nilikuona mara ine. Nilikupangusa mara ine."

Mama akanigeukia. Nilieleza. Nilieleza kwa ufasaha wote wa diploma yangu, kamera, waya, lori, kreti. Kadiri nilivyoeleza njo uso wake ulivyofungwa.

"Nipe kitambaa," akasema.

Mama mukubwa akakitoa. Mama akakifungua kwenye mwanga wa mlango. Kilikuwa kikavu. Kilikuwa na vumbi jeusi, lile vumbi ambalo televisheni hulivuta kwenye kioo, vumbi la mapadri, la mfanyabiashara, la wanareli, la ajida.

"Hii haiko jasho yangu," mama akasema.

"Ninajua."

"Weye unajua kama ile ilikuwa kioo?"

"Minyi haiko mujinga. Nilijua ni kioo." Mama mukubwa akakaa kwenye kigoda, na sasa kwa mara ya kwanza alionekana mzee. "Ku kioo nilipata nguvu. Kama mutoto wako alinipeleka kwako weye, sijui kama mukono ungepanda. Labda ungepanda. Labda ningesimama pale kama muti, bantu wananiangalia. Kioo haikuangalii."

Papa, aliyekuwa akisikiliza dirishani, akavuta pazia. Mama akamrudishia dada yake kitambaa, akaingia kupika. Alipika vizuri. 

Nimelifikiria jibu lile miaka mingi, zaidi ya nilivyofikiria umeme. Mzee wa ngoma alisema kweli: nilimpa mtu kiti nyuma, akaacha kusukuma. Lakini mama mukubwa naye alisema kweli. Kuna watu ambao mkono wao hauwezi kwanza kugusa uso wenyewe. Wanahitaji kufanya mazoezi mahali ambapo uso hauwatazami. Wale vijana wangetaka nichague kati ya kweli hizi mbili. Siwezi, na shule ya usiku haikufundisha hilo.

Treni ya asubuhi ilifika asubuhi, lakini ya siku ya tatu. Siku hizo mbili dada wawili walipepeta mahindi bega kwa bega, wakasalimiana kama watu wa ofisi moja. Siku ya tatu filimbi ilisikika tukiwa bado njiani, na kama unavyojua, treni yetu inayoweza kuchelewa siku mbili haiwezi kukungoja dakika mbili. Tukakimbia. Mama mukubwa alipandishwa kwenye behewa na umati wenyewe, hakuhitaji miguu. Gunia lake la kwenda nalo, chumvi, sabuni na nguo alizopewa na mama, lilikuwa bado begani kwa mama. Nilitaka kulichukua, mama akanisukuma kwa kiwiko. Akakimbia nalo pembeni mwa behewa, yeye mwenyewe, dirisha hadi dirisha, akiita:

"Yaya! Uko wapi? Yaya!"

Dirisha la nne lilifunguka. Mkono mfupi ukatoka. Mama akalisukuma gunia ndani kwa nguvu zote, kisha akabaki ameshika ukingo wa dirisha, akihema, jasho likimtiririka puani na kidevuni kama ameimba sherehe nzima. Hakukuwa na ngoma. Hakukuwa na mtazamaji, ila mimi na wauza ndizi.

Mama mukubwa aliinama nje ya dirisha mpaka nikaogopa ataanguka. Kitambaa kilikuwa kilekile, hakukifua. Paji la uso kwanza, halafu mashavu. Vumbi la televisheni nne likageuka matope usoni kwa mama, mistari myeusi, na mama hakusogea. Treni ilipoanza kutembea alitembea nayo, kwa sababu shingo ilikuwa bado.

"Umechafuka sana," mama mukubwa akamwambia, akilia na kucheka.

"Malizia, yaya," mama akasema. "Malizia, inakwenda!"

Alirudi nyumbani na uso ule wa matope, akapita sokoni kwa makusudi, njia ndefu, akisalimia kila mtu.

Kwa hiyo, vijana wangu, wekeni ekra yenu. Wekeni kubwa kuliko kanisa. Lakini kati ya watu acheni njia, upana wa mtu mmoja mfupi, itoke kwenye ekra mpaka kwa mwimbaji, na mtu yeyote asiweke kiti hapo.